Jalada la mchezo wa kutisha linapokuwa dogo kuliko stempu

Swali: Mimi ni mtengenezaji wa michezo ya video ninayefanya kazi peke yangu hapa Umoja, Nairobi. Mchezo wangu wa kwanza wa kutisha unaitwa Ghorofa ya Tisa. Mchezaji ni mlinzi wa usiku katika jengo la kupanga lenye ghorofa nane kule mtaa wa Pipeline, na kila usiku anapopiga raundi hesabu ya ghorofa inakataa. Jalada nililichora mwenyewe: korido yenye giza, mwanamke aliyelowa damu mwisho wa korido, na jina la mchezo kwa herufi nyekundu zinazochuruzika. Kila ninayemwonyesha kwenye kompyuta yangu anasema linatisha, lakini tangu nifungue ukurasa kwenye Steam, lile duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, watu wanalipita tu. Nina shilingi 25,000. Je, nimlipe mchoraji alichore upya, na nimwambie achore nini?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya kukujibu nilifanya jambo ambalo ningependa nawe ulifanye leo, kabla hujamtafuta mchoraji yeyote. Nilichukua faili uliyonitumia, nikaipunguza hadi upana wa pikseli 120 na kimo cha pikseli 45, nikaibandika katikati ya picha ya ukurasa wa utafutaji wa duka, ikiwa imezungukwa na michezo mingine ya kutisha, kisha nikarudi nyuma hatua moja kutoka mezani. Korido yako haikuwepo tena. Mwanamke alikuwa amebaki nukta ya kijivu ambayo ungeweza kudhani ni vumbi kwenye kioo, na jina lilikuwa utepe wa rangi ya kutu usiosomeka hata herufi moja. Marafiki zako hawakukudanganya waliposema linatisha. Waliliona likiwa limejaa skrini nzima, chumbani mwako, nawe umesimama kando ukiwasubiri waseme neno. Mnunuzi hatakutana nalo hivyo hata siku moja.

Vipimo nilivyotumia si vya kubuni. Tangu 2024 Steam hutaka picha ndogo ya jalada ipakiwe kwa pikseli 462 kwa 174, lakini kwenye orodha za utafutaji picha hiyo hiyo hupunguzwa hadi takriban pikseli 120 kwa 45, yaani eneo la kioo la kama sentimita tatu kwa moja kwenye kompyuta ya kawaida. Picha ya juu ya ukurasa wa mchezo ni 920 kwa 430, na ile ya wima inayokaa kwenye maktaba ya mchezaji baada ya kununua ni 600 kwa 900. Mtu aliyekwisha kununua ndiye anayeona picha kubwa na nzuri. Yule unayemtafuta bado huona ile ndogo kuliko stempu. Wengi wetu huanza na picha kubwa, tukaifurahia, kisha tukaikata na kuibana ili itoshee kwenye visanduku vidogo. Nami nilifanya kosa hilo miaka mingi. Niliwahi kumtengenezea mteja jalada ambalo nilikwenda kulichapisha kwenye karatasi ya A2 pale River Road ili nilitundike ukutani, na lilikuwa zuri kweli, lakini dukani lilifanana na masizi yaliyogandamana chini ya sufuria. Bango hilo ninalo mpaka leo, na kila anayelitazama hulisifu.

Jambo ninalotaka ulishike katika jibu hili lote ni kwamba jalada la mchezo wa kutisha halina kazi ya kutisha. Kazi ya kutisha ni ya mchezo wenyewe, ambao una sauti, una muda, na una mchezaji aliyevaa vipokea sauti usiku wa manane taa zikiwa zimezimwa. Jalada lina chini ya sekunde moja, mchana kweupe, pengine mtu akiwa kazini anajifanya anasoma barua pepe. Katika muda huo linaweza kufanya jambo moja tu, nalo ni kumwachia mtazamaji swali ambalo hawezi kulijibu bila kufungua ukurasa. Mwanamke mwenye damu si swali, kwa sababu mtazamaji anajua tayari yeye ni nani: amekwisha kumwona kwenye majalada mia moja, akiwa na nywele zile zile zilizofunika uso na gauni lile lile jeupe.

Wasimulizi wa Pwani waliijua kazi hii kabla ya skrini yoyote kuwashwa. Fikiria kisa cha jini wa kike mwenye kwato, ambacho karibu kila aliyelelewa Mombasa au Lamu alisimuliwa kwa namna moja au nyingine. Msimulizi haanzi na kwato. Huanza na barabara tupu, na mwanamke mzuri anayeomba lifti. Atakuambia harufu ya udi, atakuambia buibui lilivyomkaa, atakuambia jinsi dereva alivyojiona mwenye bahati, na wewe msikilizaji unaanza kuona kitu kimoja hakikai sawa muda mrefu kabla jicho halijashuka miguuni. Jalada zuri ni hicho kipande cha kabla ya miguu. Jalada lako limeanza na kwato, tena limezimulika kwa taa.

Sasa niseme kuhusu giza na wekundu, maana hapo ndipo picha yako ilipopata ajali ambayo haihusiani na kipaji chako. Macho ya binadamu hayapokei rangi zote kwa uzito mmoja. Katika mwangaza wa nyeupe kwenye skrini ya kawaida, kijani huchangia takriban asilimia 72, nyekundu asilimia 21, na buluu asilimia 7 tu. Maana yake ni kwamba nyekundu iliyokolea, hata ukiiona inawaka ukiwa umeikaribia, kwa kipimo cha mwangaza ni rangi ya giza. Ile nyekundu ya damu uliyoitumia kwenye jina, ikiwekwa juu ya nyeusi tupu, ina uwiano wa utofauti wa takriban 2.1 kwa 1, ilhali nyeupe juu ya nyeusi ni 21 kwa 1 na manjano safi ni zaidi ya 19 kwa 1. Miongozo ya kimataifa ya usomekaji wa kurasa za intaneti hutaka angalau 3 kwa 1 hata kwa maandishi makubwa, kwa hiyo jina la mchezo wako lingesomeka kwa shida hata ungeliweka kwenye bango la Thika Road.

Balaa la pili limejificha ndani ya faili. Picha inapofinywa kwa JPEG, muundo wa kawaida wa faili za picha, mara nyingi taarifa za mwangaza huhifadhiwa kamili lakini taarifa za rangi hupunguzwa hadi nusu ya upana na nusu ya kimo, kwa kuwa jicho kwa kawaida halitambui. Upungufu huo huutambui kwenye picha ya mandhari, lakini herufi nyekundu juu ya nyeusi hutofautiana na usuli wake kwa rangi zaidi kuliko kwa mwangaza, kwa hiyo kingo zake huvurugika na kuwa kama zimelowa. Ongeza hapo wanaume wenye upofu wa rangi, ambao miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini ni karibu mmoja kati ya 12, na ambao baadhi yao nyekundu huiona imefifia hadi kukaribia nyeusi, nawe unauza katika duka la dunia nzima. Sisemi usitumie nyekundu. Itumie kama chumvi, mahali padogo penye kuzungukwa na rangi nyepesi, wala usiitwike mzigo wa kubeba jina.

Kuna jambo dogo zaidi kuhusu giza ambalo wachoraji wazuri hulisahau: ukurasa wa Steam wenyewe una usuli wa buluu iliyokolea sana. Jalada lenye kingo nyeusi pande zote nne huzama kwenye ukurasa huo, na mtazamaji haoni hata kwamba pana kitu cha kubofya. Hakikisha angalau kingo moja, ikiwezekana ya juu au ya kushoto, ina rangi nyepesi au iliyo tofauti waziwazi na buluu hiyo. Mchezo wa Limbo, uliotolewa na Playdead ya Copenhagen mwaka 2010, ni wa kutisha kwa namna yake, na hauna rangi isipokuwa nyeusi, nyeupe na kijivu, lakini mtoto wake ni kivuli cheusi mbele ya ukungu mweupe, macho yakiwa nukta mbili za mwanga. Ukiupunguza kadiri utakavyo, mtoto yupo. Little Nightmares ya Tarsier Studios wa Sweden, ya mwaka 2017, ina dunia yenye giza na unyevu, na ndani yake kitoto kilichovaa koti la mvua la manjano. Ile hesabu ya 19 kwa 1 niliyokutajia ndiyo iliyovaliwa hapo kama koti.

Ukitaka mwalimu wa karibu zaidi, nenda ukasimame jioni kwenye stendi yoyote ya Jogoo Road. Matatu iliyochorwa ina picha mbili zenye kazi mbili. Ubavu wake umejaa sura za wanamuziki, wachezaji mpira, moshi, malaika na majina ya wapenzi, kwa sababu ubavu hutazamwa na mtu aliyekwama kwenye foleni kando yake kwa dakika kumi, na ana nafasi ya kusoma kila kitu. Uso wa gari ni tofauti kabisa. Abiria aliye stendi anauona kwa sekunde tatu, taa zikimmulika machoni, mvua pengine ikinyesha, naye anatafuta namba ya njia na jina; kwa hiyo mchoraji huweka herufi nene chache juu ya kioo na kuacha mengine. Picha pana ya maktaba, ambayo Steam huitaka kwa pikseli 3840 kwa 1240 na bila maandishi yoyote, ni ubavu wa matatu, na humo mchoraji wako ajimwage apendavyo. Picha ndogo ya jalada ni uso. Wewe umechukua ubavu ukaubandika usoni.

Kwa picha hiyo ndogo, basi, jina ndilo lenye haki ya kwanza. Linapaswa kuchukua karibu kisanduku chote. Ghorofa ya Tisa lina herufi 13 na nafasi mbili. Ukiliweka kwenye mstari mmoja wa pikseli 120 kila herufi hupata pikseli nane au pungufu, na hapo hata fonti ya gazeti hushindwa. Ligawe mistari miwili, Ghorofa juu na Tisa chini kwa herufi kubwa zaidi, kisha lile neno dogo la katikati liweke dogo kweli, kwa sababu jicho litalijaza lenyewe. Fonti zinazochuruzika ziache. Kila tone linalodondoka huongeza kingo, na kingo ndizo zinazokufa kwanza picha inapopungua. Chagua fonti nene isiyo na mapambo, kisha uifanyie ubaya mmoja tu: kwa mfano, nukta ya herufi i kwenye Tisa iwe dirisha dogo la mraba lenye mwanga. Wapo watakaokushauri ubadilishe jina liwe la Kiingereza. Mimi nisingelibadilisha, neno la kigeni lisomekalo vizuri humvuta mtu kuliko la lugha yake lisilosomeka, na orodha za michezo ya kutisha zimekwisha kujaa mabasi, hoteli na hospitali zenye majina yanayofanana.

Tuje sasa kwenye picha yenyewe, kwa kuwa uliuliza mchoraji achore nini. Hofu ya mchezo wako ni hesabu, na kusema kweli ni hofu nzuri sana ambayo jalada lako halikuitaja popote. Korido yenye giza ingekuwa ya mchezo wowote. Mlinzi anayehesabu ghorofa na kupata moja zaidi ni wako peke yako. Nilijaribu mawazo mawili kwa penseli. La kwanza lilikuwa mkono wa mlinzi na tochi mbele kabisa, mwanga ukienda juu ya ngazi; lilisomeka vizuri likiwa dogo, lakini tochi gizani imechoka kama yule mwanamke, na haisemi lolote kuhusu hesabu. La pili ndilo ningelichora.

Simama pale mlinzi anaposimama, kwenye lango, na utazame jengo kutoka chini. Anga iwe ile ya Nairobi ya usiku wenye mawingu, ambayo haiwi nyeusi kamwe bali hudhurungi iliyochanganyika na zambarau kwa sababu ya taa za barabarani zinazorudishwa na mawingu. Hiyo itakupa kingo nyepesi juu bila kuvunja usiku. Jengo liwe kivuli kizito kilichosimama katikati, madirisha yote yamezimwa, isipokuwa moja la juu kabisa linalowaka manjano. Kwa upana wa pikseli 120 mtazamaji ataona kizuizi cheusi, mraba mmoja wa mwanga, na jina. Hilo linatosha kumfanya asimame. Picha ikikua hadi ile ya juu ya ukurasa, ataona kamba za nguo zilizoanikwa kwenye kila balkoni kama zilivyo Pipeline, sare za shule, mashuka, na ataona kwamba kila ghorofa ina nguo isipokuwa ile yenye mwanga. Ikikua tena, ataona namba zilizopakwa kwa rangi ukutani kando ya ngazi za nje, 1 hadi 8, na juu ya 8 ukuta unaendelea bila namba. Mlinzi awepo chini kabisa, mdogo, ametupa kisogo, kidole kimoja kimeinuliwa angani kama mtu anayehesabu. Sura yake asiionyeshe. Dirishani pasiwe na mtu. Ukiweka mtu umelijibu swali.

Utajaribiwa kuongeza kitu, na Steam itakusaidia kukataa. Tangu Septemba 2022 picha za jalada katika duka hilo haziruhusiwi kubeba maandishi mengine isipokuwa jina la mchezo na jina lake dogo rasmi. Sifa za wakaguzi, nyota, tuzo na punguzo la bei vimepigwa marufuku. Damu nyingi na maiti zilizochanwa nazo ni za kuepuka kwenye picha inayoonwa na kila mtu dukani, watoto wakiwemo. Ukiuweka mchezo kwenye itch.io pia, duka jingine la michezo mtandaoni, jalada lake ni pikseli 630 kwa 500 na linakubali GIF inayosogea, na hapo ningefanya jambo moja tu: lile dirisha lizimike kwa robo ya sekunde, kisha liwake tena.

Kuhusu fedha zako, ndiyo, mlipe mchoraji, lakini usimlipe akuchoree picha moja kubwa. Mwagize kwanza michoro mitatu ya haraka, ya rangi nyeusi, nyeupe na kijivu peke yake, kila mmoja ukiwa umechorwa tangu mwanzo katika ukubwa wa picha ndogo. Mchoro usiosimama bila rangi hautaokolewa na rangi. Ukichagua mmoja, ndipo aendelee, na mkubaliane kwamba atakukabidhi faili yenye matabaka yaliyotengana: anga, jengo, nguo, mlinzi, mwanga wa dirisha, na jina peke yake. Bila matabaka hayo huwezi kupanga upya picha ya wima, ya mlalo na ile ndogo, na kila duka jipya litakugharimu mchoro mpya. Mpe sentensi moja ya maelekezo na picha tano ulizopiga mwenyewe kwa simu pale Pipeline saa moja usiku. Ukurasa mzima wa maelezo humfanya mchoraji ajaribu kukuridhisha kwa kila neno, na jalada likajaa tena. Andikianeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hutaka uhamishaji wa haki uwe kwa maandishi, na ujumbe wa M-Pesa si mkataba. Nusu ya malipo mtangulizie baada ya michoro mitatu, nusu ukipokea matabaka.

Kama umefikiria kutumia akili mnemba ili kuokoa shilingi hizo, fahamu kwamba tangu Januari 2024 Steam humtaka mtengenezaji atangaze matumizi yake ya zana hizo. Pingamizi langu mwenyewe ni la kikazi zaidi: zana hizo zimejifunza kutoka kwenye yale majalada mia moja, na ukiziomba jengo la kutisha zitakurudishia jumba la Ulaya lenye paa lililochongoka, lisilo na hata kamba moja ya nguo.

Jalada jipya likiwa tayari, usiwaulize tena marafiki kama linatisha. Liweke kwenye ile picha ya ukurasa wa utafutaji, kwenye simu iliyopunguzwa mwanga, umwonyeshe mtu asiyecheza michezo kwa sekunde moja, kisha uifiche simu na umwulize ameona nini. Mimi humwonyesha mama anayeniuzia chai ya asubuhi, ambaye hana adabu za kunibembeleza. Michoro ile miwili ya penseli nilimwonyesha. Ya tochi alisema, "Stima zimepotea." Ya dirisha alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huyo wa juu bado hajalala?"

Ukishabadilisha picha, acha wiki tatu au nne zipite bila kugusa kitu kingine kwenye ukurasa, kisha ufungue takwimu za trafiki ambazo Steam humpa kila mtengenezaji, ulinganishe ni watu wangapi kati ya walioonyeshwa jalada walilibofya, kabla na baada. Usipime katika wiki ya mauzo makubwa wala ya tamasha la michezo ya majaribio, kwa sababu wapita njia wa wiki hizo si wale wa kila siku. Uwiano ukipanda, liache kama lilivyo hata kama wewe binafsi umelichoka. Usipopanda, rudi kwenye ule mchoro wa pili kati ya mitatu, ambao ulikwisha kuulipia.